Damu Kwanza, Kisu Baadaye: Namna Uvimbe wa Ovari kwa Wasichana Unavyochunguzwa na Kutibiwa

Msichana wa miaka 14 akivimba tumbo, mtaa huwa umeshatoa hukumu kabla hajafika hospitali. Majirani wanasema mimba. Bibi anasema minyoo, au bandama. Shuleni anapimwa mkojo, na kipimo kisipoonyesha mistari miwili watu wanashusha pumzi, anarudishwa darasani na vidonge vya kutuliza maumivu. Miezi miwili baadaye sketi haifungi, na ultrasaundi inaonyesha uvimbe wa sentimita 15 uliotokea kwenye ovari.

Kuanzia hapo, mengi hayategemei tena ukali wa ugonjwa. Yanategemea mpangilio wa kazi: kipi kifanywe kwanza, kipi kisubiri, na kipi kisiguswe kabisa. Saratani za ovari za wasichana ni miongoni mwa saratani zinazopona vizuri kuliko zote, lakini matokeo hayo huharibika kirahisi mikononi mwa mtu mwenye haraka ya kupasua.

Si ugonjwa wa mama yake

Saratani ya ovari tunayoisikia mara nyingi ni ya wanawake wa makamo na wazee. Hiyo huanzia kwenye utando wa juu wa ovari au kwenye mirija ya uzazi, huenea kimyakimya, na hugunduliwa ikiwa imeshasambaa tumboni. Ya msichana ni kabila jingine. Kwa kawaida huanzia kwenye seli zile zile ambazo zingekuja kuwa mayai. Hukua upesi sana, kwa hiyo huuma na kuonekana mapema. Mara nyingi hushika ovari moja tu. Nyingi hutoa kemikali zinazopimika kwenye damu, na huyeyuka kwa dawa.

Kabla ya hayo yote, msomaji ajue kwamba uvimbe mwingi wa ovari katika umri huu si saratani. Baada ya msichana kuvunja ungo, ovari hujaribu kutoa yai kila mwezi, na kila jaribio hujenga kifuko kidogo cha maji. Mara nyingine kifuko hakipasuki kwa wakati wake, kinabaki na kuvimba. Kikiwa na maji matupu, kuta nyembamba, na hakijazidi sentimita 5, hakihitaji kisu. Ultrasaundi hurudiwa baada ya wiki 6 hadi 8, na mara nyingi kinakuwa kimetoweka chenyewe.

Uvimbe wa kweli unaoongoza katika umri huu ni teratoma iliyokomaa. Ndani yake daktari hukuta mafuta mazito, nywele, wakati mwingine hata meno. Hapa ndipo maneno ya kurogwa huanza, na familia nyingine humtoa mtoto wodini. Maelezo yake ni rahisi: seli ya yai ina uwezo wa kujenga kila aina ya kiungo, na katika teratoma uwezo huo umeamka bila mimba na bila mpango. Karibu zote si saratani. Lakini teratoma ina kituko kimoja ambacho Josep Dalmau na wenzake wa Chuo Kikuu cha Pennsylvania walikieleza mwaka 2007: kwa baadhi ya wanawake vijana, kinga ya mwili ikipambana na chembe za ubongo zilizomo ndani ya teratoma huishia kushambulia ubongo wenyewe. Msichana anaanza kuweweseka, kuona yasiyokuwepo, kisha degedege. Anayesema amepandwa na mashetani anaweza kuwa na uvimbe mdogo wa ovari, na uvimbe ukitolewa pamoja na tiba ya kutuliza kinga, wengi hurejea katika hali yao.

Kwa makadirio yanayokubalika, kati ya wasichana 10 wanaofika kwenye meza ya upasuaji kwa uvimbe wa ovari, mmoja au wawili ndio wenye saratani. Kazi ya uchunguzi ni kuwatambua hao kabla tumbo halijafunguliwa.

Maswali na picha

Uchunguzi huanza kwa kumwomba mzazi atoke. "Mama, naomba utupishe dakika chache," daktari anasema, na mlango unapofungwa ndipo msichana anapoulizwa ameanza hedhi lini, ya mwisho ilikuja lini, na kama amewahi kukutana na mwanaume. Jibu la swali la mwisho halipaswi kutangazwa ukumbini. Kipimo cha mimba hufanywa kwa kila msichana aliyekwisha kuvunja ungo, hata akiapa, kwa sababu mimba iliyotunga nje ya kizazi inaua kwa saa.

Majibu mengine yanafungua milango tofauti. Msichana wa miaka 15 ambaye hajaona hedhi lakini tumbo humuuma kila mwezi kwa siku zile zile, huenda hana uvimbe wa ovari kabisa. Utando wa ukeni umeziba, na damu ya miezi mingi imejaa nyuma yake. Kumtazama tu kunatosha kumgundua, na mkato mdogo unamtibu. Aliyeanza kuota ndevu na sauti kuwa nzito anaweza kuwa na uvimbe unaotoa homoni za kiume. Mtoto wa miaka 7 aliyeota matiti anaweza kuwa na ule unaotoa homoni za kike. Na yule ambaye umri umepita hajavunja ungo, halafu akakutwa na uvimbe mgumu, lazima apimwe kromosomu, kwa kuwa baadhi yao wana kromosomu Y na tezi zao zote mbili zina hatari ya kugeuka saratani.

Wazazi wengi huogopa kwamba vipimo vitavunja bikira. Haviivunji. Kwa msichana ultrasaundi hupigwa juu ya tumbo, kibofu kikiwa kimejaa mkojo ili kisukume matumbo pembeni na picha ionekane. Hapo pana mtego: kibofu chenyewe kikijaa sana hufanana na kifuko cha maji, na kimewahi kupimwa na kuandikwa kama uvimbe. Mpigaji picha makini humwambia msichana akajisaidie, arudi, kisha anatazama tena.

Picha hujibu mambo machache muhimu. Je, ni maji matupu au kuna nyama ndani? Je, kuna maji yaliyozagaa tumboni? Ni ovari moja au zote mbili? Uvimbe wenye nyama nyingi, uliozidi sentimita 8 au 10, unatakiwa uhesabiwe kuwa wa hatari mpaka ithibitike vinginevyo.

Chupa moja ya damu

Hii ndiyo hatua inayorukwa mara nyingi kuliko zote, nayo ndiyo ya bei ndogo ukilinganisha na ilichobeba. Kabla ya upasuaji damu hutolewa ili kupima vitu vitatu: alfafetoprotini, ambayo maabara huiandika AFP, homoni ya mimba, hCG, na kimeng'enya kiitwacho LDH.

Kila kimoja kina historia na maana yake. AFP ni protini ya kichanga aliyeko tumboni, inayotengenezwa na ini lake na kifuko kinachomlisha katika wiki za mwanzo. Mwaka 1963 Garri Abelev, huko Moscow, aliikuta kwenye damu ya panya wenye saratani ya ini, na mwaka uliofuata Yuri Tatarinov akaiona kwa binadamu. Miaka minne kabla ya Abelev, Gunnar Teilum, mpatholojia wa Copenhagen, alikuwa ameonyesha kwamba aina moja kali ya saratani ya ovari inaiga umbo la kifuko hicho cha kichanga. Mambo hayo mawili yalipokutana, madaktari wakapata kipimo: msichana mwenye uvimbe wa ovari na AFP ya maelfu, karibu hana ugonjwa mwingine.

hCG ikipanda wakati mimba haipo, huashiria saratani yenye seli za kondo. LDH hupanda zaidi kwenye aina iitwayo disjeminoma, ile inayoongoza miongoni mwa saratani za ovari za ujanani. Vipimo vyote vitatu vikiwa vya kawaida, hatari inapungua sana, ingawa haiondoki yote.

Kuna kipimo cha nne, CA-125, ambacho hospitali nyingi hukimbilia kwa sababu ndicho kinachojulikana. Kwa msichana kinapotosha. Hupanda wakati wa hedhi, hupanda kwenye uchochezi wa tumbo, na katika nchi zetu hupanda sana kwenye kifua kikuu cha tumbo. Msichana aliyekonda, tumbo limejaa maji, CA-125 iko juu, anaweza kuandikiwa saratani ya ovari iliyosambaa wakati anachohitaji ni miezi 6 ya dawa za kifua kikuu.

Thamani ya chupa ile inaendelea hata baada ya upasuaji. AFP hupungua nusu kila siku 5 hadi 7 chanzo chake kikiondolewa. Tuchukue mfano wa msichana mwenye AFP ya 8,000 siku ya upasuaji, na tukadirie nusu yake ni siku 6. Baada ya siku 6 itegemewe 4,000. Siku ya 12, 2,000. Siku ya 18, 1,000. Siku ya 24, 500. Ikifika karibu siku ya 60 iwe imeshuka chini ya 10, ambayo ni kawaida. Sasa tuseme siku ya 24 maabara imeleta 2,600. Kidonda kimepona, msichana anacheza, hakuna kinachoonekana kwenye picha, lakini hesabu inasema kuna saratani iliyobaki. Asiyekuwa na namba ya siku ya kwanza hawezi kupiga hesabu hii, na namba hiyo haipatikani tena uvimbe ukishatoka.

Pale ambapo hakuna muda

Kuna hali moja inayovunja utaratibu wa kusubiri. Ovari iliyobeba uvimbe inaweza kujisokota kama kamba ya ndoo, na mishipa ya damu ikabanwa. Maumivu huja ghafla, upande mmoja, na kutapika. Wengi huambiwa ni kidole tumbo. Ultrasaundi inayoonyesha damu ikipita haitoshi kumwondolea shaka daktari, maana ovari iliyosokotwa inaweza bado kupitisha damu kidogo.

Msichana wa namna hii anaingia chumba cha upasuaji usiku uleule. Zamani ovari iliyokutwa nyeusi ilikatwa, ikidhaniwa imekufa na kwamba kuisokotoa kungetuma mabonge ya damu mwilini. Uzoefu wa miaka mingi umeonyesha vinginevyo: nyingi hurudia uhai zikisokotolewa, hata zile zenye rangi ya zambarau iliyoiva, na hofu ya mabonge haikuthibitika. Mwongozo wa sasa ni kusokotoa, kuiacha, na kurudia ultrasaundi wiki chache baadaye. Hata katika dharura hii chupa ya damu hutolewa wakati dripu inawekwa. Majibu yatakuja kesho, lakini damu imetoka kabla ya kisu.

Dawa iliyomfundisha daktari kukata kidogo

Ili kuelewa kwa nini upasuaji wa leo ni mdogo, turudi nyuma. Mpaka miaka ya 1960, wasichana wengi wenye saratani aliyoieleza Teilum walifariki ndani ya miaka miwili, hata walipotolewa ovari zote na kizazi. Disjeminoma ilipona kwa mionzi, lakini mionzi iliua mayai.

Mabadiliko yalitoka mahali ambapo hakuna aliyekuwa akitafuta dawa. Mwaka 1965, katika Chuo Kikuu cha Jimbo la Michigan, Barnett Rosenberg alikuwa akipitisha umeme kwenye bakteria kwa kutumia vijiti vya platinamu. Bakteria waliacha kugawanyika, wakarefuka tu. Umeme haukuhusika, platinamu ilikuwa ikiyeyuka na kuingia kwenye maji. Kutokana na hilo ilipatikana sisplatini. Mwaka 1974 Lawrence Einhorn, huko Indiana, akaanza kuichanganya na vinblastini, dawa itokanayo na ua la Madagaska, na bleomisini iliyogunduliwa Japani, kuwatibu wanaume wenye saratani ya korodani iliyosambaa. Matokeo aliyochapisha mwaka 1977 yaligeuza ugonjwa wa kifo kuwa ugonjwa wa kupona. Korodani na ovari zina asili moja, na saratani za seli zao za uzazi ni ndugu, hivyo wasichana wakafuata njia ileile. Mwaka 1987 ilionyeshwa kwamba etoposidi ikichukua nafasi ya vinblastini matokeo hayapungui na madhara yanapungua. Mchanganyiko huo, BEP, ndio unaotumika hadi sasa, na dawa zake tatu zimo kwenye orodha ya dawa muhimu ya Shirika la Afya Duniani.

Mwaka 2004 yalichapishwa matokeo ya utafiti wa pamoja wa vikundi vya saratani za watoto Marekani yanayofaa kubandikwa ukutani kwa kila mpasuaji. Katika karibu wasichana wote, kuna hatua ya upasuaji iliyoandikwa kwenye mwongozo ambayo haikufanywa. Hata hivyo waliokuwa hai baada ya miaka 6 walizidi 90 kati ya 100, hata wale wa hatua ya nne. Dawa ilifidia kilichopungua mezani. Lakini hakuna dawa inayorudisha ovari ya pili iliyokatwa bila sababu.

Mezani

Kwa hiyo upasuaji unaofaa una nidhamu yake. Tumbo likifunguliwa, maji yaliyomo hukusanywa kwanza kabla hakijaguswa kitu; yasipokuwepo, tumbo husuuzwa na maji hayo kupelekwa maabara. Kisha mkono na macho hupita kwenye utando wa tumbo, ini, tezi za nyuma na ovari ya pili. Kinachoonekana kibaya ndicho hukatwa kinyama kidogo cha kupimwa maabara. Ovari ya pili ikiwa nzuri kwa macho haikatwi hata kipande, kwani kovu lake linaweza kumnyima uzazi.

Uvimbe wenye dalili za hatari hutolewa mzima, pamoja na ovari na mrija wa upande huo. Hautobolewi kwa sindano ili kupunguza ukubwa, hata kama mkato utakuwa mrefu kuliko msichana angependa. Ukipasuka tumboni, ugonjwa ambao ungeishia kufuatiliwa tu unaweza kudai dawa. Kwa teratoma iliyokomaa, ambayo picha na damu vinakubaliana, hubanduliwa uvimbe peke yake na ovari ikabaki. Kizazi hakitolewi.

Ovari zote mbili zikiwa zimevimba, mpasuaji wa Afrika Mashariki anapaswa kusimama na kukumbuka Hospitali ya Mulago. Huko Kampala, mwaka 1958, Denis Burkitt alieleza uvimbe wa taya kwa watoto ambao leo una jina lake, na ikaja kujulikana kwamba kwa wasichana hushika sana tumbo na ovari zote mbili. Hukua kwa siku, si kwa miezi. Lakini ni saratani ya chembe za kinga, na tiba yake ni dripu. Taasisi ya Saratani ya Uganda, iliyoanzishwa mwaka 1967, ilikuwa miongoni mwa mahali pa kwanza duniani kuonyesha kwamba dawa pekee zinaweza kuiponya. Kinyama kidogo kinatosha. Anayezikata ovari zote mbili amemwondolea mtoto uzazi bila kumwondolea ugonjwa.

Safari ya uvimbe wenyewe haiishii kwenye beseni. Unatakiwa kukatwa vipande ili formalini ipenye, uwekwe kwenye chombo chenye formalini takribani mara 10 ya ukubwa wake, na uandikwe jina, tarehe na upande uliotoka. Tumezoea kuona ndugu akipanda basi na ndoo ya plastiki yenye nyama iliyotiwa maji ya dripu. Ikifika maabara imeoza katikati, mpatholojia hana la kusoma, na msichana anatibiwa kwa kubahatisha.

Mizunguko

Si kila saratani hufuatwa na dawa. Disjeminoma iliyobaki ndani ya ovari moja, ikatolewa nzima, inaweza kufuatiliwa kwa vipimo tu. Aina nyingine, au iliyosambaa, hupewa BEP kila baada ya siku 21, kwa kawaida mizunguko 3 ikiwa uvimbe wote umetoka, 4 ikiwa umebaki. Sisplatini hudhuru figo na masikio, hivyo maji mengi ya dripu hutangulia, na usikivu hupimwa. Bleomisini hudhuru mapafu, na kikohozi kikavu hakipuuzwi. Etoposidi, mara chache, huacha saratani ya damu miaka kadhaa baadaye.

Hatari kubwa zaidi kwetu huja baada ya mzunguko wa kwanza. Tumbo linanywea, hamu ya kula inarudi, nauli ya kurudi mjini haipo, na familia inaona mtoto amepona. Saratani iliyokatiziwa dawa njiani hurudi ikiwa sugu, na kurudi kwingi hutokea ndani ya miaka miwili ya kwanza. Hapa namba ya damu husaidia kumshawishi mzazi, maana AFP ya 300 mtoto akiwa anaruka kamba inaeleweka haraka kuliko hotuba.

Kuna pia kisa cha kinyume: AFP imerudi kuwa kawaida lakini uvimbe uliobaki unaongezeka ukubwa. Wengi hudhani dawa imeshindwa na kubadilisha dripu. Mara nyingi ni teratoma iliyokomaa inayokua baada ya dawa kuua sehemu mbaya. Hiyo haisikii dawa yoyote. Hutolewa kwa upasuaji.

Wengi waliobakiwa na ovari moja na kizazi hurudi kwenye hedhi miezi michache baada ya mzunguko wa mwisho, na wengi huzaa wakitaka.

Kwa hiyo hospitali ya wilaya isiyo na daktari bingwa wala dripu za saratani haijakosa cha kufanya. Kama hakuna dharura, imchukue damu, ihifadhi picha, imwandikie rufaa, na isimfungue tumbo. Na mzazi anayeletewa fomu ya kuridhia upasuaji ana haki ya kuuliza, kalamu ikiwa bado mkononi: "Daktari, majibu ya AFP, hCG na LDH yanasemaje?" Kama jibu ni kwamba havijapimwa na mtoto hayuko hatarini usiku huo, fomu isubiri mpaka damu itolewe.